Chombo Kikiharibika Katikati ya Ziwa: Mwongozo wa Safari ya Tanga, Kisumu hadi Mbita

Kutoka Kisumu hadi Mbita kwa maji ya Ziwa Victoria ni kama kilomita 70 ukipima kwa rula, na hakuna boti ya tanga inayokwenda kwa rula. Anayeifanya safari hiyo mara kwa mara lazima siku moja kitu kimharibikie: injini izime, usukani ung'oke, tanga lipasuke, au maji yaanze kuingia mahali ambapo jana palikuwa pakavu. Mwongozo huu ni wa boti ya kawaida ya huku kwetu, ya mbao, yenye tanga moja na injini ndogo iliyofungwa nyuma. Mwenye mashua ya fiberi atapata yake humu pia.

Hatari kubwa huja pale abiria wote wanapoiinamia injini, boti inageuka ubavu kwa mawimbi, na hakuna anayeangalia inakopelekwa. Kwa hiyo mpangilio wangu ni huu kuanzia mwanzo hadi mwisho: shughulikia boti kwanza, kifaa baadaye.

Kabla ya kuondoka: jua upepo utakupeleka wapi

Kusi na kaskazi waachie watu wa Lamu. Huku upepo hubadilika ndani ya siku moja. Alfajiri hutoka nchi kavu kuelekea ziwani, na anayeondoka Kisumu mapema huwa nao mgongoni. Saa nne au saa tano hivi hupoa. Kuanzia adhuhuri hugeuka, ukaja kutoka magharibi na kusini-magharibi, na saa tisa huwa umeshika nguvu. Maana yake ni kwamba injini ikizima saa moja asubuhi karibu na Kisiwa cha Ndere, upepo unakutoa nje, mbali na bandari. Ikizima saa tisa alasiri mahali pale pale, unakurudisha upande wa Kisumu na vinamasi vya Nyando. Jibu la swali "tukiacha kila kitu, tutafika wapi?" liwe kichwani kabla hujang'oa nanga.

Ratiba hiyo huvunjwa na mvua. Wingu jeusi likijikusanya mchana juu ya milima ya Nandi au upande wa Kericho, upepo unaweza kugeuka kwa dakika chache ukavuma kutoka mashariki, mkali kuliko ule wa magharibi uliokuwapo. Usiku radi huhamia juu ya ziwa lenyewe, hasa kuelekea alfajiri. Idara ya Hali ya Hewa ya Kenya hutoa utabiri wa Ziwa Victoria. Usome, hasa miezi ya Machi hadi Mei na Oktoba hadi Desemba.

Jambo lingine ni mlango wa Rusinga, kati ya Luanda Kotieno na Mbita. Hapo ghuba yetu, Ghuba ya Winam, inaungana na ziwa kuu, kina kinaongezeka sana, maji yana mkondo, na feri zinavuka. Ukishapita kuelekea Mfangano uko kwenye ziwa la kilomita za mraba zipatazo 68,800. Kifaa chochote unachokitilia shaka kitengeneze Luanda Kotieno. Usijiambie utakitazama ukifika.

Vitu vya kubeba si vingi: jaketi la kuokolea kwa kila kichwa, nanga ya chuma yenye makucha na kamba ya mita 50, makasia mawili, ndoo mbili zenye mpini wa nguvu, kisu kikali kilichofungwa kwa uzi, plagi mpya na spana yake, koleo, bisibisi, waya mwembamba, vipande vya mpira wa tyubu ya baiskeli, matambara, grisi, misumari na kibao, sindano ya magunia na uzi wa nailoni, dira, tochi, filimbi, na simu ndani ya mfuko usioingiza maji pamoja na pawabenki. Petroli ya akiba iwe kwenye mtungi wake, mbali na ile unayotumia. Jiwe lililofungwa kamba, ambalo wengi hulitumia kama nanga, hushika kwenye mawe lakini kwenye tope la ghuba huburutwa tu.

Mwisho, mwambie mtu ufuoni unakokwenda na saa unayotarajia kufika, na uandike namba za viongozi wa BMU, yaani vikundi vya usimamizi wa fuo, za fuo utakazopita. Ziandike kwenye karatasi. Simu ikizima haina namba.

Dakika tano za kwanza

1. Kila mtu avae jaketi na kufunga vifungo vyote. Jaketi lililowekwa chini ya kibao cha kukalia halimwokoi mtu.

2. Tazama ngama, yaani sakafu ya boti ambako maji hujikusanya. Kama yanaongezeka, acha kila kitu kingine na uende moja kwa moja kwenye sehemu ya mwongozo huu iitwayo "Maji yanaingia".

3. Elekeza omo, yaani pua ya boti, kwenye mawimbi. Mawimbi ya ghuba ni mafupi na yamesimama kwa sababu maji si marefu, na boti iliyolala ubavu hujaa kwa mawimbi matatu tu. Kama nanga inafika chini, iteremshe kutoka omo na uachie kamba angalau mara tano ya kina. Kama haifiki, funga ndoo kwa kamba ndefu uitupe kutoka omo. Itajaa maji, itavuta, na itaishika pua ya boti upande wa upepo.

4. Tua tanga ikiwa upepo ni mkali au usukani haushiki.

5. Chagua vitu viwili nchi kavu vilivyo kwenye mstari mmoja, mti wa karibu na kilele cha mbali. Mlima Homa unafaa sana kwa hili kwa sababu unaonekana kutoka sehemu kubwa ya ghuba. Vikianza kuachana, nanga yako inaburutika au unapeperushwa. Andika saa.

6. Gawa kazi: mmoja kwenye kifaa, mmoja wa kuangalia ziwa, mmoja wa kufua maji, yaani kuyatoa kwa ndoo. Wengine wakae chini, katikati, watulie.

7. Piga simu mapema, hata kama unaamini utatengeneza. Kusema "tumesimama, tuko sawa, nitapiga tena baada ya nusu saa" ni rahisi mchana, ukiwa na chaji.

Injini imezima

Anza na yasiyohitaji spana. Kamba ya usalama ya kuzimia injini iko mahali pake? Gia iko huru? Kifuniko cha tangi la petroli kina tundu la hewa, limefunguliwa? Bomba limeshika pande zote mbili? Injini nyingi zinazovutwa hadi ufuoni kwa kamba zilikuwa na tundu la hewa lililofungwa.

Kisha bonyeza kile kipira kilicho kwenye bomba la petroli, kwani kinaeleza mengi. Kikiwa kigumu baada ya kubonyezwa mara kadhaa, petroli inafika. Kikibaki laini muda wote, ama tangi limeisha au bomba linavuta hewa mahali. Kagua maungio, kaza, funga kwa mpira wa tyubu. Kikijikunja na kukaa bapa, kuna kizuizi upande wa tangi, na mara nyingi ni lile tundu.

Petroli ikifika na injini bado haiwaki, ichunguze petroli yenyewe. Chukua chupa ya soda iliyo wazi na safi, mimina kiasi kutoka chini ya tangi, isimamishe mahali pasipo jua kali kwa dakika mbili. Maji hukaa chini, yakiteleza kama tone kubwa unapoinamisha chupa, na petroli hubaki juu na rangi yake. Ukiona tone hilo umepata mgonjwa. Badili uende kwenye mtungi wa akiba, mwaga yaliyomo kwenye bomba na kikombe cha chujio, na kama unajua skrubu ya chini ya kabureta, ifungue kidogo itoe maji yaliyotuama hapo. Pokea yote kwenye ndoo, usiyaachie ngamani. Kitambaa wanachochujia petroli wauzaji wa ufuoni huzuia mchanga, hakizuii maji. Ukilazimika kutumia petroli hiyo hiyo, acha mtungi utulie, mimina sehemu ya juu tu, na ya chini iache.

Wakati wote huu hakuna sigara wala kiberiti. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa. Hukaa chini ya boti ukisubiri cheche.

Sasa plagi. Vua kofia yake, futa maji na uchafu kuizunguka, ifungue. Ikiwa imelowa petroli, injini imekunywa kupita kiasi: ikaushe, vuta kamba mara tano au sita plagi ikiwa nje na choki ikiwa haifanyi kazi, subiri dakika kumi, rudisha. Nyeusi yenye masizi ya mafuta inamaanisha oili ilizidi kwenye mchanganyiko. Injini nyingi za kisasa za mipigo miwili hutumia lita moja ya oili kwa lita 50 za petroli, lakini soma iliyoandikwa kwenye yako. Usiijaribu cheche kwa kushika plagi na mkono uliolowa. Itakupiga, na cheche karibu na petroli iliyomwagika ni moto. Weka plagi mpya. Bei yake haifiki hata mtungi mdogo wa petroli, na ajabu ni kwamba watu husafiri bila ya akiba.

Ikiwa injini ilizima yenyewe baada ya kupoteza nguvu polepole, na ule mchirizi mdogo wa maji unaotoka ubavuni ulikuwa umekatika, basi imepata joto. Iinue, toa jani la gugumaji au mfuko wa nailoni kwenye vitundu vya kuvutia maji, zibua tundu la mchirizi kwa waya, na uiache nusu saa ipoe. Kumwagia injini ya moto maji baridi hupasua chuma. Ikiwaka na mchirizi haurudi, pampu yake imekufa. Izime, uihifadhi kwa dakika chache za kuingilia ufuoni.

Jiwekee mpaka: nusu saa ya kuhangaika. Baada ya hapo wewe ni msafiri wa tanga, na safari iendelee kwa tanga, hata kama ni kurudi ulikotoka. Upepo wa magharibi wa alasiri unamfikisha Kisumu mtu asiye na injini.

Wavu, kamba na gugumaji

Ghuba yetu imejaa vitu vya kujifunga kwenye propela: nyavu za sangara na ngege, kamba za vizimba vya samaki, na gugumaji ambalo leo liko Homa Bay na kesho limeziba ghuba ya Kisumu, upepo ukilipeleka. Ukisikia injini ikikoroma ghafla na boti haiendi, zima mara moja. Kila mzunguko mmoja zaidi huubana wavu kwenye shafti hadi unayeyuka na kuwa kama plastiki moja ngumu.

Toa kamba ya usalama ili injini isiweze kuwaka, inua, funga kwa kamba ili isianguke. Tafuta mwisho wa uzi na uuzungushe kinyume na ulivyojifunga. Mara nyingi nusu ya wavu hutoka hivi bila kisu. Uliobaki kata kwa urefu wa shafti, kisu kikielekea nje, mbali na mihuri ya oili na mbali na mkono wa pili. Mtu asiingie majini kwa kazi hii ikiwa mawimbi yanaipigisha boti. Sehemu ya nyuma ya boti ikishuka juu ya kichwa ni nzito. Kama injini sasa inawaka lakini propela haizunguki, huenda pini yake ndogo imekatika. Injini zenye pini huwa na nafasi ya kuwekea ya akiba; kama huna, msumari laini uliokatwa kwa urefu ule ule utakufikisha, kwa mwendo wa taratibu. Usiweke chuma kigumu, kwa sababu mara nyingine kitakachovunjika ni gia.

Wavu wa mtu ukilazimika kuukata, mtafute mwenyewe au uache neno kwa BMU ya ufuo wa karibu. Kesho utakayemwomba akuvute anaweza kuwa yeye.

Kwenye gugumaji nene usilazimishe. Inua injini, tumia pondo au makasia, rudi nyuma kwa njia uliyoingilia. Na jua likizama usijiachie kupeperushwa kwenye mafunjo ya Dunga au ya mdomo wa Nyando. Wenyeji wa hapo usiku ni viboko.

Usukani umevunjika

Tua tanga, kasia moja lifungwe nyuma kwa kitanzi cha kamba kilicholegea kidogo, na kwa kasia hilo unaelekeza boti. Ni kazi ya mikono, pokezaneni. Tanga likitwekwa tena liwe limepunguzwa, maana tanga kubwa litalishinda kasia. Watu nao ni usukani: wakisogea mbele, omo hutafuta upepo, wakirudi nyuma, omo huuacha. Ndoo iliyofungwa kwa kamba na kuburutwa upande wa kulia huivuta boti kulia, na kinyume chake. Kwa njia hizi hutapiga kona nzuri, lakini utaweza kuchagua ufuo, na hilo linatosha. Chagua wenye mchanga na ulio upande wa upepo unakokwenda. Kubisha upepo, yaani kwenda kuelekea unakotoka, bila usukani ni kujichosha bure.

Tanga, foromali na mlingoti

Mpasuko mdogo huwa mkubwa kwa pigo moja la upepo, kwa hiyo tua ukiwa bado wa kiganja. Kausha kitambaa, shona kwa uzi wa nailoni mishono mipana, ukianzia sehemu nzima na kuishia sehemu nzima. Matanga ya maturubai na magunia ya nailoni, ambayo ndiyo mengi huku, hushika mshono vizuri zaidi ukikunja ukingo mara mbili.

Foromali, yaani mti unaobeba tanga, ikivunjika, ifunge kasia pembeni kama fundi wa mifupa, kamba ikizungushwa pande zote mbili za mvunjiko na, kama ni ya katani, kulowanishwa ili ikaze. Kisha tweka tanga nusu. Henza, yaani kamba ya kutwekea tanga, ikikatika juu ya mlingoti, usimpandishe mtu kwenye mawimbi. Laza mlingoti, pitisha kamba mpya, uusimamishe tena.

Mlingoti wenyewe ukianguka, hofia kwanza kipande kilicho majini. Kikipigwa na wimbi kinatoboa ubavu wa boti. Kivute ndani au kata kamba zake zote isipokuwa moja, uifunge omoni, na mlingoti uliolala majini utafanya kazi ya ile ndoo ya kushika pua.

Maji yanaingia

Kufua maji peke yake hakuna mwisho. Mmoja afue, mwingine atafute tundu. Anza kwenye maungio ya mbao, hasa pale vibati vilipigiliwa, kisha mahali nguzo na misumari hupita. Likipatikana, sogeza watu na mizigo upande mwingine ili tundu lipande karibu na uso wa maji. Kasi ya maji hupungua hapo hapo.

Mwanya mrefu kati ya mbao mbili unajazwa tambara lililopakwa grisi, linaloshindiliwa kwa bisibisi taratibu. Usipige nyundo, mbao iliyooza itafunguka yote. Tundu lenyewe lifunike kwa mpira wa tyubu, juu yake kibao, kisha misumari au mtu wa kukikanyaga. Kama huwezi kulifikia kwa ndani, pitisha tanga chini ya boti kutoka omo, livutwe kwa kamba kutoka pande zote mbili hadi lilifunike tundu kwa nje. Maji yenyewe yatalibana.

Mizigo inatupwa mapema au haitupwi. Magunia ya omena, yaani dagaa, yana thamani, lakini yakishalowa yana uzito pia.

Boti ikipinduka au ikijaa, bakini nayo. Boti ya mbao huelea hata ikiwa imejaa, na huonekana kutoka mbali. Kichwa cha mwogeleaji hakionekani. Nchi kavu inayoonekana karibu ukiwa majini kwa kawaida haiko karibu.

Simu, giza na msaada

Piga 999 au 112, kisha BMU ya ufuo wa karibu, ambao kwa kawaida ndio watakaofika kwanza kwa sababu wana boti na wanayajua maji yao. Sema mambo manne kwa mpangilio: mko wapi, mko wangapi, nini kimeharibika, mnapeperushwa kuelekea wapi. Tuma eneo lako kwa ujumbe mfupi kama sauti inakatika, kwani ujumbe hupita pale simu inaposhindwa. Upande wa Mfangano na kuelekea mpakani simu inaweza kujishikia mtandao wa Uganda au Tanzania bila kukuambia. Ingia kwenye mipangilio, chagua mtandao wa Kenya kwa mkono. Mwenye redio ya VHF atumie chaneli 16.

Mchana, simama wima ikiwa boti imetulia, inua mikono yote miwili na uishushe polepole, mara nyingi. Funga kitambaa cha rangi ya machungwa mahali pa juu. Usiku, tochi iwake na kuzimika. Wavuvi wa omena hutoka na taa zao usiku usio na mwezi, na taa hizo ndizo msaada wako wa karibu zaidi. Mwezi ukiwa mpevu hawapo. Vilevile uvuvi wa omena kwa kawaida hufungwa kuanzia Aprili hadi Julai. Panga safari za miezi hiyo ukijua ziwa litakuwa na giza.

Radi ikikaribia, tua tanga, laza mlingoti kama unaweza kulazwa, kila mtu akae chini mbali na chuma na kamba zilizolowa.

Ukipata wa kukuvuta, kamba ifungwe kwenye shina la mlingoti au mbao ya chini iliyo imara. Kibao cha kukalia kitang'oka. Kamba iwe ndefu, wazito wakae nyuma, mwendo uwe wa polepole, na mtu mmoja akae na kisu karibu na kamba bila kufanya kazi nyingine yoyote. Kubalianeni bei ya petroli kabla ya kufunga kamba, kwa heshima, maana aliyekuja kukuokoa ameacha nyavu zake.

Mkishafika

Wapigie wote mliowaambia mna shida, ili asitoke mtu usiku kuwatafuta. Mliosimama kwenye maji ya ukingoni mkisukuma boti, jiosheni kwa maji safi na mjifute haraka. Kichocho kipo kwenye fuo nyingi za ziwa hili, na miguu ikianza kuwasha ama choo kikiwa na damu wiki zinazofuata, nenda hospitali useme ulikuwa ziwani.

Injini iliyozama majini inahitaji kushughulikiwa siku hiyo hiyo. Maji yetu si ya chumvi, kwa hiyo una saa kadhaa, lakini kutu huanza ikishakutana na hewa. Toa plagi, ilaze injini mdomo wa plagi ukiangalia chini, vuta kamba hadi maji yaishe, mimina oili kidogo kwenye tundu la plagi, vuta tena mara chache ili ienee. Kama kamba imekwama haivutiki, usiilazimishe. Ipeleke kwa fundi ikiwa hivyo hivyo, pamoja na plagi uliyoitoa na chupa ya petroli uliyoipima.